Rezista ya Tano

Gulwe,
12 Februari 2024

Mwanangu Optatus,

Mbukwa. Hujambo na wa nyumbani kwako hapo Mkonze? Mkeo Evarista mzima? Sisi huku tunapumua. Uwele wa kwanza umekaukia shambani, tumepanda tena, na goti langu la kushoto limeanza maneno yake, ila hilo si la kukuandikia.

Utashangaa kupata barua wakati watu wana simu. Simu yangu ni hii ya tochi, haibebi mchoro, na ninachokuuliza nataka jibu la kusoma mara mbilimbili nikiwa peke yangu. Charles wa fuso, anayepeleka vitunguu Dodoma, ndiye atakayeileta karakanani kwako na ndiye atakayechukua jibu.

Tangu tumzike mwanangu Gaudence sijakusumbua. Najua mlivyokuwa marafiki, tangu mkiwa na kaptula mnafungua redio za watu na kushindwa kuzifunga. Mwezi wa kumi na mbili nilifungua sanduku lake la bati nikakuta daftari la michoro. Humo ipo ile amplifaya aliyokuwa akiitengenezea kwaya, ile iliyoungua naye. Mimi nimepika uji wa shule miaka ishirini na mbili, sikuvuka darasa la saba, lakini picha naweza kuitazama. Nimeitazama mpaka naiona nikifumba macho. Kuna vitu vitano vimechorwa kama meno ya msumeno, vimeandikwa R1 mpaka R5. Mwalimu mmoja ameniambia hizo ni rezista. Zaidi ya hapo hajui.

Nifundishe. Kila moja ina kazi gani?

Ile spika yake ya honi bado iko juu ya nguzo, moto haukuifikia. Hakuna aliyethubutu kuishusha. Upepo wa alasiri ukitoka bondeni unaingia mle ndani, inatoa sauti kama mtu anayesafisha koo kabla hajasema haloo, haloo, moja, mbili. Halafu haisemi. Watoto wamehama njia ile. Mimi siiogopi. Kinachonichosha ni kuingoja.

Mama yako,
Anyesi


Mkonze, Dodoma,
21 Februari 2024

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeipata, Charles aliileta kazi zikiwa zimechanganya, nikaiweka mfukoni mpaka jioni. Hapa kwangu wote wazima, Evarista anakuamkia sana na kuuliza goti. Pole kwa shamba.

Nimefurahi na nimeona aibu pamoja, kwamba ni wewe umeanza kuandika na siyo mimi. Nitajaribu kufundisha, ingawa Gaudence ndiye aliyekuwa na mdomo wa kueleza. Mimi nilikuwa na mikono tu.

Anza na transista. Ifikirie kama koki ya maji yenye miguu mitatu. Umeme mwingi unaingia mguu unaoitwa kolekta, unatokea mguu unaoitwa emita. Mguu wa tatu, besi, ndio mkono wa kufungulia. Sauti ya mwimbaji ikitoka kwenye maikrofoni ni ndogo mno, haiwezi kusukuma spika, lakini inatosha kuutikisa huo mkono. Ukitikisika, umeme mkubwa wa betri nao unatikisika vilevile, na huo ndio unaosukuma spika. Kwa hiyo kinachotoka kwenye spika ni nguvu ya betri iliyofundishwa kumwiga mwimbaji.

Sasa rezista. Kazi yake ni kuzuia umeme usipite zaidi ya unavyotakiwa. R1 na R2 zinagawana umeme wa betri ili besi ipate kipimo chake, koki ikae nusu wazi kabla mwimbaji hajafumbua mdomo. Ingekuwa imefungwa kabisa, nusu ya kila neno ingekatika. R3 iko juu ya transista ndogo, ya kwanza kati ya mbili zilizomo. Umeme unaotikisika ukipita hapo ndipo tunapopata kitu cha kuchota na kupeleka kwa transista kubwa. R4 inapunguza makali ya maikrofoni, maana kuna waimbaji wanaokaribia kuimeza.

Ukikwama popote niandikie. Mwalimu wako sitakuchoka.

Mwanao,
Optatus


Gulwe,
4 Machi 2024

Mwanangu Optatus,

Mbukwa tena. Sisi wazima, goti limetulia. Evarista mwambie nimepaka mafuta ya nyonyo na nimeona nafuu.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Nimeweka daftari mbele yangu na kupitisha kidole kama ulivyosema: betri, R1, besi, kolekta, emita. Nilipofika kwenye spika nikalia kidogo, halafu nikacheka, kwa sababu nimeelewa kitu alichokuwa akinieleza mezani na mimi namwambia kula kwanza.

Ila nimehesabu. Umenieleza rezista nne. Ipo ya tano, ile ya chini kabisa, chini ya emita ya transista kubwa. Nadhani uliisahau kwa haraka za kazi.

Mama yako,
Anyesi


Gulwe,
15 Aprili 2024

Mwanangu Optatus,

Hamjambo? Charles amekuja mara tatu mikono mitupu. Anasema anakukuta, unamwambia "wiki ijayo." Basi nimeona nikueleze kwa nini nauliza, usije ukadhani ni bibi aliyekosa kazi.

Pasaka imepita, ya tatu bila yeye. Siku ile, Jumamosi ya kabla ya Pasaka, Gaudence alikuwa akiijaribu amplifaya tangu asubuhi katika lile banda alilolijenga ubavuni mwa nyumba ya shangazi yake Cecilia, kwa kuwa Cecilia ndiye aliyekuwa na sola. Kelele zilikuwa kali. Cecilia alitoka na mwiko mkononi akapaza sauti, majirani wote wakasikia: "Zima hilo dude kabla halijakuzima wewe!" Gaudence akacheka, akapunguza. Alikuwa amekesha kwenye mazoezi ya kwaya. Akajilaza kwenye godoro lake la sponji, mlango akaufunga kwa waya kwa ndani, akalala mashine ikiwaka. Haikutimia saa nzima tukaona moshi.

Hayo unayajua. Sijui kama uliambiwa yaliyofuata. Siku ya kumi baada ya mazishi, Lameck na majirani wenzake walikwenda kwa wifi yangu Cecilia wakang'oa mabati na milango. Walisema mdomo wake ndio uliomla mtoto. Yeye alikuwa amekaa juu ya kinu, ameshika kikapu, hasemi. Nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa minyaa tu. Nilisimama nimefunga kanga kifuani nikatazama mwanzo hadi mwisho. Aligeuka akaniangalia mara moja. Sikufungua mdomo. Sasa yuko Bahi kwa binti yake Miriam, wanalima mpunga, na hakuna anayemtaja hapa.

Nilikuwa nimeamini, Optatus. Ndiyo sababu nilinyamaza. Sasa sijui kama bado naamini, na siwezi kufa hivi hivi bila kujua. Niambie kazi ya rezista ya tano.

Mama yako,
Anyesi


Mkonze,
2 Mei 2024

Shikamoo Mama,

Nisamehe kwa ukimya. Sina sababu nzuri ya kukupa. Afya zetu ni njema.

Transista ina tabia moja mbaya. Ikipata joto inapitisha umeme zaidi, hata kama besi haijaambiwa lolote. Umeme huo unaleta joto, joto linaleta umeme mwingine, na ikiachwa hivyo inajikimbiza yenyewe mpaka iungue.

R5 imekaa chini ya emita kwa ajili hiyo. Umeme wote unaotoka lazima upite hapo. Ukizidi, volti zilizo juu ya R5 zinapanda, na emita inanyanyuka kuisogelea besi. Transista inafunguka kwa kadiri ya tofauti kati ya besi na emita. Tofauti ikipungua, koki inajifunga kidogo, umeme unashuka, joto linashuka. Yaani ikitaka kukimbia, mbio zake zenyewe ndizo zinazoivuta nyuma.

Ubaya wake ni mmoja, inakula sauti. Wapo mafundi wanaoiona kama mzigo.

Mtu akiiondoa, sauti inakua. Kwa muda.

Mwanao,
Optatus


Gulwe,
10 Mei 2024

Optatus,

Salamu kwako na kwa Evarista. Mimi mzima.

Hii ya tano nimeielewa haraka kuliko zote. Sufuria la uji wa watoto mia tatu likichemka kupita kiasi, uji unafurika na kuzimwagikia kuni, moto unapungua, sufuria linatulia lenyewe. Miaka yote nilikuwa nautukana uji unaofurika. Kumbe siku mtu akikinga zile kuni zisilowe, moto utapanda mpaka sufuria litoboke. Ndivyo? Nadhani ndivyo.

Jana nimefungua gunia. Lile boksi lililoungua sikulitupa, lilikuwa humo, chini ya kitanda changu. Ubao wa ndani umeungua upande mmoja, upande mwingine unasomeka. Nimeuweka sambamba na daftari. Rezista nne zipo mahali pake. Penye R5 hapana rezista. Pana kipande cha waya wa shaba kilichokatwa vizuri na kuchomelewa ncha zote mbili na mkono uliotulia. Gaudence hakuwa na mkono uliotulia. Risasi yake ya kuchomelea ilikuwa kama mavi ya kuku, wewe mwenyewe ulikuwa unamcheka hapa uani kwangu.

Na kwenye daftari, pembeni ya R5, ameandika kwa penseli: "Opta anasema hii si lazima."

Maneno hayo niliyasoma kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nilikuwa nayo, ila sikujua maana yake. Sasa najua, na aliyenifundisha ni wewe.

Mama yako,
Anyesi


Mkonze,
30 Juni 2024

Shikamoo Mama,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Leo Evarista amekwenda kanisani, nimefunga karakana, nimekaa sakafuni.

Ni mimi.

Ilikuwa Alhamisi ya kabla ya Pasaka. Kwaya walilalamika kwamba sauti haivuki reli. Gaudence akaniuliza tufanyeje. Nilichukua koleo nikaikata R5 nikaweka waya. Sauti ikaruka. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Sasa hata Mpwapwa watatusikia!" Niliigusa ile transista kubwa ikaniunguza kidole. Yeye aliniona nikikipuliza akauliza, "Ni sawa hivyo?" Nikamwambia ni kawaida, nikamwekea bati kubwa zaidi la kupoza, nikasema Jumatatu nikirudi nitaweka rezista nyingine ndogo. Fyuzi, ambayo ingekata umeme, ilikuwa waya mtupu. Hiyo tulifanya wote wawili, siku nyingi nyuma. Hii ya R5 ni yangu peke yangu. Ijumaa nikapanda basi kuja huku, nilikuwa nimeahidi kazi ya mtu.

Nilipopigiwa simu kwamba moto ulianzia kwenye boksi, nilijua kabla hawajamaliza kusema. Siku ya mazishi nilibeba jeneza upande wa kichwani. Nyuma yangu watu walikuwa wanamtaja shangazi Cecilia, wanarudia maneno yake. Ningeweza kusema pale pale. Nikajiambia wakitoka matangani maneno yatapoa. Niliposikia ameondolewa, nikajiambia yuko kwa binti yake, anakula. Hivyo ndivyo nilivyoishi, Mama, kwa kujiambia.

Kila siku karibu saa tano asubuhi nasikia harufu karakanani, ile ya waya unaoyeyuka. Nazima kila kitu, nakagua soketi zote, natoka nje nasimama juani. Wateja wanadhani naumwa. Nimemwita Evarista mara nyingi anuse. Yeye hasikii harufu yoyote.

Rezista yenyewe nimeifunga katika karatasi ndani ya bahasha hii. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati nililovaa siku ile, na sikuweza kuitupa.

Mwanao,
Optatus


Gulwe,
9 Julai 2024

Optatus,

Nimeipata. Ni kipande cheupe, kama chaki iliyobakia mwisho wa kipindi. Nilidhani itakuwa nzito.

Usiandike tena "mwanao." Labda siku nyingine. Kwa sasa neno hilo linanikwama.

Sikuandiki kwa hasira tu. Nimekaa siku nne nikitafuta namna ya kukuchukia wewe peke yako, nikashindwa, kwa sababu kila nikianza namwona wifi yangu juu ya kile kinu ananiangalia. Wewe ulikuwa Dodoma. Mimi nilikuwa hatua ishirini.

Basi nisikilize. Jumapili ya tarehe 4 Agosti, baada ya ibada, nimemwomba mwinjilisti Methusela watu wasitawanyike. Utakuja. Utaleta saketi mbili ndogo, moja yenye rezista na moja isiyo nayo, wazione na wazishike kwa mikono yao, kwa maana mimi nikisema tu watasema uchungu umenipanda kichwani. Mimi nitakwenda Bahi kumleta Cecilia. Kama atakubali kupanda gari na mimi.

Anyesi


Mkonze,
5 Agosti 2024

Mama Anyesi, shikamoo,

Kisanduku najua kilifika, nilikitanguliza kwa Charles, nikazipa saketi majina kwa rangi nyeupe, INAYO na HAINA, na karatasi ya maelezo ndani. Nilitaka mikono yangu iwe mitupu nikifika.

Nilifika, Mama. Jana. Nilichukua bodaboda Mpwapwa, nikashukia relini nikiwa nimevaa suti yangu ya harusi. Niliwaona watu wakiwa nje ya kanisa. Niliona mgongo wa mwanamke mzee amesimama karibu na mlango, peke yake, hakuna aliyemsogelea, nikajua ni nani. Halafu nikaitazama ile honi juu ya nguzo. Upepo haukuwepo. Majani ya mihogo yalikuwa yametulia kabisa. Nikaisikia inasafisha koo.

Mwenye bodaboda alikuwa bado hajaondoka. Nilimwambia ageuze.

Sitaki unijibu kwa kunionea huruma.

Optatus


Gulwe,
14 Agosti 2024

Optatus,

Salamu. Huruma sina, kwa hiyo usihofu. Nakueleza yaliyotokea kwa sababu yanakuhusu.

Bahi nilimkuta wifi yangu anapepeta mpunga. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikamweleza yote nimesimama, uji, koki, rezista, daftari. Aliendelea kupepeta. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja: "Na wewe ulikuwa unaamini?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Asante kwa kutonidanganya." Kesho yake akapanda gari, akakaa kiti cha mbele, mimi nyuma.

Jumapili tulikungoja mpaka saa saba. Watu wakaanza kushika viatu waondoke. Basi nikafungua kisanduku mwenyewe. Karatasi yako ya maelezo iliandikwa vizuri. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, betri ya sola ya kanisa. Nilikuwa nimeurudia mchoro ule mara nyingi kuliko Zaburi.

Niliwaeleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wapishi wapya. Hii ni koki. Huu ni mkono wake. Hii nyeupe hapa chini ni uji unaozimwagikia kuni. Nikaziwasha zote mbili. Nikamwita mwinjilisti Methusela, akaweka kidole kwenye INAYO, akasema, "Joto kidogo, kama mgongo wa mtoto." Tukangoja. Akaweka kwenye HAINA, akaruka, akakitia kidole mdomoni. Punde ikatoa uzi wa moshi, ikakata. Kanisa zima lilinusa.

Lameck akasimama. "Mama Gaudence, huo ni utaalamu wa mjini. Mchawi anashindwaje kuingia kwenye waya?"

Nikamwambia, "Njoo. Hizi ziko mbili, betri moja, mezani pamoja, na wifi yangu yule pale mlangoni kazitazama zote sawa. Weka kidole uniambie kwa nini mchawi kaila hii na kaiacha hii."

Hakuja. Akabaki amesimama, kofia mkononi.

Ndipo nikatoa ile rezista yako nikaiinua, nikasema ilikatwa na nani na kwa nini. Nimetaja jina lako, Optatus, la kwako na la baba yako. Nilifikiria kulificha. Lakini watu wakiachiwa nafasi ya jina wataijaza wenyewe, na huwa wanamjaza mwanamke mzee. Halafu nikasema na la kwangu, kwamba nilisimama nyuma ya minyaa nikatazama nyumba ya ndugu wa mume wangu ikibomolewa. Nikakaa.

Hakuna aliyeomba radhi. Usifikiri mambo huisha hivyo. Wengine walitoka kimya, wengine wanasema nimenunuliwa. Lakini Jumanne asubuhi Cecilia aliamka kwangu akakuta mabati manne yameegemezwa kwenye ukuta wa nyumba yake, na Alhamisi matatu mengine, na mlango. Nimeutambua mlango. Ulikuwa kwenye zizi la Lameck. Wajukuu wa Methusela wameezeka chumba kimoja, na jana amehamia.

Nilimuuliza kama anataka umwandikie. Amesema hapana, karatasi haina macho. Njoo umwambie. Nitakungoja relini nikusindikize mpaka kwenye ua. Pale nitarudi, maneno utasema mwenyewe.

Mama Gaudence


Mkonze,
1 Septemba 2024

Mama, shikamoo,

Nimefika salama jana jioni. Asante kwa kunishika kiwiko pale relini, bila hivyo sijui. Uliniacha kwenye ua ukaenda zako bila kugeuka, kama ulivyosema, kwa hiyo hukusikia, na nadhani una haki ya kujua.

Nilipiga hodi akasema pita. Alikuwa anachambua kunde. Nilimwamkia nikapiga magoti, akasema inuka, sakafu ina vumbi, kaa kwenye ndoo. Nikasema yote tangu koleo. Sikutaja usingizi wangu wala ile harufu, niliona hayo siyo yake kuyabeba. Alichambua mpaka nilipomaliza. Nikamwomba msamaha.

Akasema, "Hilo sijui. Usije kuniuliza tena. Likiwepo utaliona."

Halafu akaniambia jambo ambalo nimeshindwa kulala nalo. Alisema, "Mnadhani waliniondoa hapa nikijua sina kosa? Mimi niliamini kuliko wao. Nilisema litamzima, likamzima. Nilikaa Bahi miaka mitatu sijamkemea mtu. Mjukuu wangu akimwaga maziwa naondoka chumbani. Hata kuku sikumfukuza kwa mdomo, nilikuwa namfuata na fimbo kimya kimya, nikiogopa nikisema neno ataanguka afe."

Mama, mimi niliogopa watu watanijua. Yeye alikuwa anaogopa ulimi wake mwenyewe. Sikuwahi kuliwaza hilo, hata siku moja.

Nilipokuwa naaga, tumesimama mlangoni, mbuzi wa jirani akaingia akaanza kula kunde alizozianika kwenye mkeka. Shangazi akatafuta fimbo kwa macho, haikuwepo. Nikataka kumfukuza mimi, akanizuia kwa mkono. Akavuta pumzi, akapiga kelele, "Toka hapa, mwizi mkubwa wewe, ufe huko!" Sauti ilitoka kali, imekwaruza, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. Kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Tulisimama tukimtazama yule mbuzi. Shangazi alikuwa ananishika mkono wa shati, na vidole vyake vilikuwa baridi.

Mbuzi alitafuna, akapiga chafya, akachukua kunde nyingine, akaenda zake kuelekea relini.

Optatus